Siku Astérie Alipochomoa Waya Zote

Astérie Ntakarutimana aliishi kwa kuwaunganisha watu wengine. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka kumi na tisa, huko Bujumbura, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi ya hoteli moja kubwa. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu mia na ishirini, amevaa vipokea sauti masikioni. Mgeni akinyanyua simu chumbani kwake, kitaa kidogo kiliwaka kwenye ubao. Astérie alichomeka waya kwenye tundu la huyo mgeni, akamuuliza kwa Kifaransa chake kilichonyooka anamtaka nani, kisha akachomeka ncha ya pili kwenye tundu la huyo anayetakiwa. Wakiongea, wanaongea. Wakigombana, hayamhusu. Kwa miaka minane hakumpeleka mtu kusikotakiwa ila mara moja tu, na mara hiyo kosa lilikuwa la fundi umeme. Habari hiyo alipenda kuitoa mwenyewe kabla hujamuuliza.

Mwaka 1993 vita vilipolipuka alivuka ziwa kwa mtumbwi wa wavuvi na kushukia upande wa Tanzania akiwa na begi moja. Alipolifungua akakuta si lake. Katika ile haraka alikuwa amebeba begi la jirani yake, mwalimu wa kwaya, na kwa miezi mitatu ya mwanzo wa ukimbizi watu walimjua kambini kama yule binti anayevaa mashati ya mikono mirefu na tai moja ya bluu, ambayo aliitumia kufungia mtungi wa maji.

Kambini, upande wa Kasulu, walitafuta mtu wa kukaa kwenye chumba cha redio ya mawasiliano. Astérie alinyoosha mkono. Aliona redio ni simu iliyokosa waya tu. Akawa sauti ya kambi: malori yakiondoka Kigoma na mahindi na maharage, yeye ndiye aliyajua yalipofika, na likikwama lolote, dereva alitakiwa kumwita na kusema amekwama wapi na kwa nini.

Ndipo lori namba saba likaanza kuharibika.

"Kambi, kambi, hapa namba saba. Nimesimama Kidahwe. Tairi."

"Namba saba, nimekusikia. Tairi la wapi?"

"La nyuma. Na wewe hali yako?"

Wiki iliyofuata ilikuwa rejeta, tena Kidahwe. Kisha mkanda wa feni. Kisha kitu ambacho dereva mwenyewe hakuweza kukipa jina, ila kilikuwa Kidahwe vilevile. Mkuu wa usafiri alipochoka alimtuma fundi, na fundi akaandika kwenye ripoti yake kwamba gari ni zima, achunguzwe dereva. Dereva alikuwa Faustini, Mha wa hapohapo Kidahwe, mpole, mrefu, na baada ya ripoti ile alilazimika kuja mwenyewe hadi mlangoni mwa chumba cha redio na kusema kwa mdomo yale aliyokuwa akiyasema kwa matairi. Walifunga ndoa mwaka 1998. Karatasi za Astérie za kutoka kambini na kuishi na mumewe Ujiji zilichukua miaka miwili na mafaili matatu, lakini zilitoka.

Ujiji alimkuta Nasri. Nasri alikuwa mfanyabiashara wa magodoro ambaye babu zake walitoka ng'ambo ya Kongo, na mwaka 2006 alifungua chumba cha intaneti karibu na soko: kompyuta sita, dishi kubwa juu ya bati, na mabenchi ya kusubiria. Watu wengi walikuja kuomba kazi, na wote waliuliza wataanza lini. Astérie alisimama mlangoni, akatazama ukutani, akauliza, "Waya huu unakwenda wapi?" Nasri hakujua. Wakaufuata pamoja, wakakuta hauendi popote. Kazi akapewa yeye.

Sasa, Ijumaa moja ya Julai mwaka 2009, printa mpya ilifika kwa basi la Mwanza. Ilikuwa mpya kwa Ujiji. Huko ilikotoka ilikuwa imeshazeeka. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, ilichapisha na kutoa kopi na kufanya mambo mengine ambayo hakuna aliyeyahitaji. Wapagazi wanne waliiingiza ndani, na Nasri, kwa kuwa muda wa swala ulikuwa umefika, akamwachia Astérie aiwashe.

Printa ilikuwa na kioo kidogo, na jambo la kwanza ililouliza ni lugha. Zilikuwepo tisa. Kiswahili hakikuwamo. Astérie akachagua Kifaransa. Katika jengo lile hakuna mwingine ambaye angeweza kusoma kilichoandikwa pale, na hilo halikumhuzunisha. Printa ikamuuliza jina. Akaandika UJIJI. Kisha ikamuuliza *adresse*, yaani anwani, ikampa visanduku vinne vya kujaza tarakimu.

Anwani ya wapi? Ya hapa, bila shaka. Na anwani ya hapa ilikuwa inajulikana: juu ya boksi la intaneti, lile linalopokea waya kutoka kwenye dishi, fundi Feliksi wa Mwanza alikuwa amebandika plasta na kuandika tarakimu kwa kalamu nene. Siku aliyoibandika alisema hiyo ndiyo namba ya mahali hapa na mtu asithubutu kuibandua. Astérie akainakili tarakimu kwa tarakimu, akaihakiki mara mbili kama alivyofundishwa hotelini. Akachapisha karatasi moja ya majaribio. Ikatoka safi, ina joto, inanukia wino. Akafunga mlango, akaenda nyumbani na moyo mweupe.

Jumamosi asubuhi, saa tatu kasoro, mtu wa kwanza kwenye benchi alikuwa Mzee Sindayigaya.

Huyu alikuwa seremala kutoka kambini, mwenye miaka sitini na minane, aliyevaa koti la suti juu ya fulana. Binti yake, Inamahoro, alichukuliwa na mumewe kwenda kuishi Norwei miaka minane kabla, na huko akazaa mtoto wa kike ambaye babu yake alikuwa hajapata kumwona ila kwenye picha moja iliyochakaa kwa kushikwa. Jina la mtoto lilikuwa Gloriose, jina la marehemu bibi yake. Kwa miezi miwili Astérie alikuwa akiandikiana na Inamahoro kupanga siku hii: mzee angekuja Ujiji, Inamahoro angekaa mbele ya kompyuta yake kuanzia saa nne, na wangeonana kwa kamera hadi saa saba, maana baada ya hapo alitakiwa kuingia kazini katika nyumba ya kutunzia wazee.

"Shikamoo, mzee. Umefikaje mapema hivi?"

"Marahaba. Nimelala kwa shemeji yako Kidahwe, Faustini alinipakia jana." Akatoa karatasi mfukoni, akaifunua kwa uangalifu. "Tatizo lilikuwa kibali. Yule bwana ofisini ananiuliza sababu ya safari. Nikamwambia naenda kuonana na binti yangu. Akauliza binti yuko wapi. Nikasema Norwei. Akauliza, na wewe unaenda wapi? Nikasema Ujiji. Akaweka kalamu chini."

"Akaandika nini mwishoni?"

"Kutembelea ndugu. Lakini aliniangalia mpaka nilipofika getini. Saa kumi na mbili jioni niwe nimerudi."

Nyuma yake aliingia Bi Mwanvua, mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kibirizi, mama mnene mwenye sauti ya kuita boti. Alikuwa na wateja Lubumbashi ambao aliwaandikia kila Jumamosi, na kiroba chake cha dagaa wa mfano alikiacha nje chini ya ukingo wa bati, kwa kuwa Nasri alishamkataza kuingia nacho.

Astérie akawasha kompyuta zote sita. Chini pembeni mwa kila kioo vikatokea vile vikompyuta viwili vidogo vinavyomaanisha kwamba imeunganishwa. Akafungua ukurasa kwa ajili ya Mwanvua. Kioo kikawa cheupe. Kikabaki cheupe. Mwisho kikasema ukurasa haupatikani.

Akajaribu kompyuta ya pili, ya tatu, zote. Imeunganishwa, imeunganishwa, imeunganishwa. Ukurasa haupatikani.

"Inasema iko hewani," alisema Mwanvua, akichungulia begani kwake.

"Inasema imeunganishwa. Haijasema iko hewani."

"Tofauti yake nini?"

Astérie akainamia swichi. Akazima zote, akawasha zote. Alifanya hivyo mara nne. Saa nne ikapita.

Nasri alipofika akaangalia vioo, akaangalia benchi, akampigia simu Feliksi. Feliksi alikuwa Mwanza, ndani ya kivuko, na sauti yake ilikuja na kutoka.

"Mmezima mkawasha?"

"Mara nne."

"Inasema imeunganishwa?"

"Inasema."

"Basi imeunganishwa," alisema Feliksi. Kisha akataja herufi tatu za Kiingereza ambazo wangepaswa kuzibadilisha, kivuko kikaondoka ufukweni, na simu ikakatika.

Nasri aliamua ni dishi. Vumbi la Julai, alisema, limezuia mawimbi. Astérie alimwonyesha boksi la intaneti: taa zake zote zilikuwa za kijani, na boksi hilo likipoteza mawimbi huwasha nyekundu, kila mtu anajua. Lakini Nasri alishavua viatu. Akaegemeza ngazi, akapanda na ndoo ya maji na sabuni ya unga, akaliosha dishi lile kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kwa gari lake. Maji yakateremka kwenye migongo ya bati, yakafika ukingoni, yakaingia moja kwa moja kwenye kiroba cha Mwanvua.

Mwanvua alitoka nje, akakitazama kiroba, akainua uso.

"Nasri."

"Naam, bibie."

"Dagaa hawa nimewakausha siku tatu."

"Watakauka tena."

"Wana povu, Nasri."

Wakati wao wakijadili povu, simu ya Astérie ililia. Alikuwa Inamahoro, kutoka Norwei, anauliza mbona hawaonekani. Astérie akamweleza, kisha akamnyooshea Mzee Sindayigaya simu. Mzee aliitazama bila kuipokea.

"Sauti yake naijua," alisema. "Tulizungumza Pasaka. Nimekuja kwa ajili ya uso. Mwambie asubiri, mimi nipo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Astérie aliona jinsi mzee alivyoikunja ile karatasi ya kibali, akaifunua, akaikunja tena. Miaka ile ya hotelini mtu aliweza kulia kwenye simu na bado mwendesha ubao akakaa wima na kusema subiri kidogo, bwana. Hapa mtu alikuwa halii. Alikuwa ameketi tu amevaa koti, na hilo lilimuuma zaidi.

Akaketi sakafuni, kwenye kona ambapo waya zote zilikutana. Pale palikuwa na kisanduku chenye matundu manane. Tundu moja lilipokea waya wa boksi la intaneti, sita yalikwenda kwenye kompyuta sita, na la nane, tangu jana, lilikwenda kwenye printa. Akaangalia kile kisanduku kidogo na kukumbuka kile kikubwa. Akakumbuka pia ile siku moja hotelini. Fundi umeme alikuwa ameunganisha chumba namba kumi na nne na jiko kwa namba ileile, na kila mara mke wa mgeni wa chumba kumi na nne alipopiga simu alijibiwa na mpishi. Ubao ulionyesha kila kitu ni sawa. Kitaa kiliwaka, waya ulishika, watu waliongea. Ni kwamba tu hakuwa mtu anayetakiwa. Yule mama alimpigia mumewe mara tano na mara zote akaulizwa anataka supu gani. Bosi wake wa wakati ule, mama mmoja mkali, hakugusa kitabu wala hakumpigia fundi. Alichomoa waya zote ubaoni, akaanza kuchomeka mmojammoja.

Astérie akachomoa waya zote.

"Dada Astérie," alisema Nasri akiingia na suruali imelowa hadi magotini, "umeua kila kitu."

"Vilikuwa vimeshakufa. Sasa tunawauliza mmojammoja."

Akachomeka boksi la intaneti na kompyuta ya tatu, ile yenye kamera. Akaizima, akaiwasha, akasubiri. Ukurasa ukafunguka, polepole, kutoka juu kwenda chini kama pazia. Mwanvua akapiga makofi mara moja. Mzee Sindayigaya akainuka, na Astérie akamwashiria aketi kwanza, kwa sababu akiacha hapa hatajua mkosaji, na katikati ya mazungumzo huenda ikakatika tena.

Kompyuta ya kwanza: sawa. Ya pili: sawa. Ya nne, ya tano, ya sita: zote zilifungua. Mkono wake ukabaki na waya mmoja. Aliufuata kwa macho hadi ukutani, nyuma ya meza, hadi kwenye lile kabati la vyombo.

Akauchomeka. Haikufika dakika moja, kurasa zote sita zikagoma. Vile vikompyuta viwili vidogo pembeni bado vikasema, bila aibu, kwamba imeunganishwa.

Akauchomoa. Wakasubiri kidogo. Kurasa zikarudi.

"Ni printa," alisema Nasri. "Yule mtu wa Mwanza ameniuzia printa mbovu. Nilimwona usoni."

Astérie akaenda mbele ya kile kioo kidogo cha printa na kufungua mahali palipoandikwa *adresse*. Tarakimu zake alizijua. Akageuka, akaangalia plasta ya Feliksi juu ya boksi la intaneti. Akaangalia tena kioo. Zilikuwa zilezile.

"Si mbovu," alisema. "Inajibu isikoitwa."

"Vipi?"

"Kompyuta ikitaka kutoka nje, inaita ile namba iliyoko kwenye plasta. Ndiyo mlango. Boksi linaitika, ujumbe unapita, unakwenda kwenye dishi. Sasa printa nayo ina namba ileile. Ikiitwa, inawahi kuitika."

Mwanvua alitafakari. "Kwa hiyo barua yangu ya Lubumbashi imeingia humo."

"Imefika hapo. Haikujua la kufanya nayo."

"Si ni printa? Si iitoe kwenye karatasi?"

"Haikuombwa kuchapisha, mama. Iliulizwa njia."

Nasri alikuwa anasugua kidevu. "Ni huyuhuyu wa Mwanza. Nani mwingine angeiwekea namba hiyo? Nitampigia sasa hivi."

Akatoa simu. Jina la muuzaji lilikuwa tayari kwenye kioo. Astérie alijua kwamba hakuna mtu Ujiji nzima ambaye angeweza kusoma menyu ile ya Kifaransa na kumuumbua. Muuzaji angekana, Nasri asingemwamini, na mambo yangeishia hapo. Alikuwa na rekodi ya miaka minane hotelini, mitano kwenye redio, na mitatu hapa. Kosa moja tu, nalo la fundi umeme.

"Usimpigie," alisema. "Ni mimi. Jana. Iliniuliza anwani nikaipa ya nyumba nzima. Nilidhani ndivyo inavyotaka."

Nasri akashusha simu. Aliangalia suruali yake iliyolowa, halafu ngazi iliyoegemea nje, halafu ndoo.

"Na mimi nimeosha dishi," alisema.

"Nilikwambia taa ni za kijani."

"Ulisema. Hukusema kwa nguvu."

"Basi ameshakiri," alisema Mwanvua. "Mwekeni mzee kwenye kompyuta, saa sita inagonga. Mimi na dagaa wangu wa sabuni tutasubiri."

Astérie aliibadilishia printa namba, akaipa moja isiyokuwa ya mtu, na kwa usalama akauacha waya wake nje. Kisha akamketisha Mzee Sindayigaya mbele ya kompyuta ya tatu na kumpigia Inamahoro.

Kwanza vilikuja vipande vya mraba, kahawia na vyeupe. Kisha vipande vikasogeleana, vikawa paji la uso, macho, kitambaa cha kichwani. Mzee akasimama. Alivua kofia ambayo hakuwa ameivaa, mkono ukapita hewani, ukarudi.

"Dawe," ilisema sauti kutoka kwenye spika. Baba.

"Inamahoro." Akanyoosha mikono miwili mbele ya kioo kama anayepokea mtu kwenye mtumbwi. Kisha akasema jambo alilolibeba miaka minane. "Umenenepa."

Binti alicheka, mdomo ukafunguka wazi, na picha ikaganda hapohapo.

"Ameshtuka nini?" aliuliza mzee kwa sauti ya chini.

"Picha imesimama, mzee. Itarudi."

Mzee akaketi, akaweka mikono magotini na kunyamaza kwa adabu, maana hakuona vizuri kumsemesha mtu aliyebaki na mdomo wazi. Picha iliporudi alikuwa bado ameketi wima, na Inamahoro alikuwa amefuta machozi ambayo hakuna aliyeyaona yakitoka.

Akaletwa mtoto. Gloriose alikuwa na miaka mitatu, nywele zimefungwa mafundo manne, na Kirundi chake kilikuwa maneno matano, ambayo aliyasema yote kwa mpigo ili kuyamaliza. Babu yake alimtazama kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyemharakisha.

"Acheke," alisema mzee mwishoni.

Inamahoro akamtekenya. Mtoto akacheka.

"Ni meno ya bibi yake," alisema Mzee Sindayigaya kwa wote waliokuwa chumbani. "Hata hilo pengo la mbele. Yeye naye alikuwa nalo."

Baada ya hapo yale mazito yalikuwa yameisha, na mzee akawa huru kuuliza anachokijua. Alitaka kuona nyumba. Inamahoro akageuza kamera, ikapita dirishani, kwenye jiko, ikafika kwenye meza.

"Simama hapo," alisema mzee. "Teremsha. Nionyeshe mguu."

"Mguu wa nani?"

"Wa meza."

Kamera ikateremka chini ya meza. Mzee akasogeza uso hadi pua ikagusa kioo. "Hapo hamna ulimi wa kuungia. Wamepaka gundi tu na misumari miwili. Nani aliyewauzia hii?"

"Ni ya dukani, dawe. Kila mtu anayo."

"Basi nchi nzima imeibiwa. Msiegemee upande wa kushoto."

Mwanvua hakuweza kujizuia zaidi. Aliingiza kichwa mbele ya kamera, akajitambulisha kwa jina na kwa biashara, akamuuliza Inamahoro kama Norwei watu wanakula dagaa. Inamahoro akasema wanakula samaki wengi ila si hao. Mwanvua akasema atafikiria.

Saa saba kasoro dakika tano Inamahoro alisema lazima aondoke. Mzee akamwambia aende, wazee wa huko nao wanamsubiri. Alimwombea kwa Kirundi, macho ameyafumba, na alipofumbua kioo kilikuwa kimeshakuwa cha bluu. Alibaki ameketi kidogo. Kisha akavaa uso wa safari, akamshika Astérie mkono kwa mikono miwili.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, "usione haya kwa lile la printa. Mimi nimewahi kutengeneza mlango nikauwekea bawaba pande zote mbili."

"Ukafanyaje?"

"Nikawaambia wenyewe wapitie dirishani mpaka Jumatatu."

Akapanda gari la Kasulu saa nane, na kabla ya saa kumi na mbili alikuwa amepita getini na karatasi yake.

Jioni Astérie alimsimulia Faustini mambo yote mezani. Alimweleza sehemu ya waya kwa kirefu na sehemu ya plasta kwa kifupi, akamwomba ile ya plasta isitoke nje ya nyumba. Faustini aliapa. Ila dereva wa lori ana vituo vingi, na hadi kufika Jumatano watu wa Kidahwe, ambao wengine hawakuwahi kuiona kompyuta, walikuwa wakimwuliza Astérie, shemeji yao, kama printa imeshapata namba yake.

Alikasirika siku mbili. Siku ya tatu walikuja watu wa shule moja ya pale mjini, wana kompyuta kumi zilizounganishwa na hazifungui chochote, na wamesikia Ujiji kuna mama anayejua. Astérie alichukua daftari, akapanda nyuma ya pikipiki ya mwalimu, akakuta mtu ameuchomeka waya mmoja ncha zote mbili kwenye kisanduku kilekile. Baadaye wakaja watu wa zahanati, kisha watu wa bandarini. Kokote alikoitwa aliketi sakafuni kwanza, na kabla ya kugusa chochote alimuuliza mwenye nyumba, kwa upole na bila kumtazama usoni, kama kuna mtu yeyote aliyejaza chochote jana.

Karibu kila mara alikuwepo. Mara nyingi alikuwa ni yeye mwenye nyumba, na Astérie akamwambia asijali, akachomoa waya zote.